Kasumba na Mtoto Aliye Tumboni

Tarehe 26 Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa wametoka Unguja mwaka uliotangulia, wakafuata njia ya misafara kupita Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mpaka ziwa letu la Tanganyika. Walitaka kujua kama mto Rusizi hutoka ziwani au huingia. Wenyeji wakawaambia kwamba huingia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika wenyewe mlangoni pa Rusizi, wakaona kwamba wenyeji walisema kweli.

Burton alikuwa mtu wa kuandika kila alichokiona. Aliandika kwamba Uvira palikuwa bohari kubwa ya kaskazini ya ziwa, penye watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Aliandika hata habari za wapiga kasia wake: jinsi walivyosimamisha mitumbwi katikati ya safari, wakatoa kiko, wakavuta bangi, wakakohoa kwa kelele nyingi. Bangi basi ilijulikana ziwani tangu siku zile. Lakini katika mali alizozitaja za soko la Uvira, afyuni haimo.

Leo mambo yamegeuka. Mjini Bujumbura, ng'ambo ya Rusizi, mwendo wa kama kilomita 30 kutoka Uvira, wako vijana wanaovuta na kujidunga heroini, ambayo mitaani huitwa "boost". Heroini ni mtoto wa afyuni. Kati ya wanaoitumia wamo wanawake, na kati ya wanawake hao wamo wenye mimba. Ndiyo maana twaona yafaa kueleza historia ya jambo hili: afyuni ilitoka wapi, ilipataje kumfikia mtoto aliye tumboni, waganga walijifunza nini juu ya ubongo wake, na sisi tufanye nini mtoto wa namna hiyo akizaliwa kati yetu.

Utomvu wa ua

Afyuni ni utomvu wa mmea uitwao mpopi. Ua likisha kupukutika, tunda bichi huchanjwa kwa kisu. Utomvu mweupe hutoka, hukauka, huwa mweusi kama lami laini. Watu wa Asia na wa pande za Bahari ya Kati waliujua tangu kale kuwa dawa ya kutuliza maumivu, kuzuia kuhara na kuleta usingizi. Pwani ya Waswahili iliujua kwa njia ya majahazi ya Uarabuni na ya Bara Hindi. Kwa hiyo lugha yetu ina maneno mawili: afyuni, ambalo ni la Kiarabu, na kasumba. Neno hili la pili limepata hata maana nyingine: mawazo yanayomlaza mtu akili, asiyaone mambo yake mwenyewe. Aliyelipa maana hiyo aliijua vema kazi ya dawa hii.

Mara moja mpopi wenyewe ulisogea karibu nasi. Mwaka 1877 Wareno walianzisha kampuni ya kulima afyuni huko Mopeia, kando ya mto Zambezi, ili waiuze Asia. Mwaka 1884 wenyeji waliasi, wakalivamia shamba, na kazi ile ikafa.

Ulaya na Marekani za karne ya 19 zilitumia afyuni kama sisi tutumiavyo chai. Iliyeyushwa katika kileo, ikaitwa laudanamu, ikauzwa dukani bila ruhusa ya mganga. Katika miji ya viwanda ya Uingereza, akina mama waliokwenda kazini walinunua matone ya namna hiyo ili watoto wao wachanga walale mchana kutwa. Marekani, tangu mwaka 1849, iliuzwa dawa ya maji ya Mrs. Winslow, ya kuwatuliza watoto wanaoota meno. Ndani yake mlikuwa na mofini. Watoto walilala, na baadhi yao hawakuamka tena. Mwaka 1911 chama cha waganga wa Marekani kiliitaja waziwazi kuwa ni miongoni mwa dawa ziuazo watoto.

Hiyo mofini ndiyo nguvu ya afyuni iliyotengwa na takataka zake. Kijana mmoja Mjerumani, mtengeneza dawa, jina lake Friedrich Sertürner, aliitoa karibu na mwaka 1804, akaipa jina la mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale. Mwaka 1853 ikapatikana sindano ya kuitia mwilini. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuuza mofini iliyobadilishwa kidogo, ikaiita heroini, kuwa dawa ya kikohozi. Ikaacha kuitengeneza mwaka 1913. Na mwaka 1962 kampuni nyingine ya Ujerumani, Grünenthal, ilitengeneza tramadoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1977. Hivyo ni vile vidonge ambavyo leo katika nchi nyingi za Afrika huuzwa kiholela, watu wakavimeza ili wasione uchovu wala maumivu.

Tazameni mfululizo huu. Waganga walipoitia mofini katika sindano, walidhani kwamba dawa isiyopita tumboni haitamfunga mtu. Wauzaji wa heroini walisema kwamba haina mazoea kama mofini. Tramadoli nayo ilisifiwa kuwa ni nyepesi. Kila kizazi kilisadiki kwamba kimepata afyuni isiyo na mnyororo, na kila kizazi kiliukuta mnyororo baadaye.

Tusielewe vibaya. Dawa hizi si mbaya kwa zenyewe. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali ana haki ya kupata mofini kutoka kwa mganga wake. Papa Pius XII mwenyewe aliwaeleza waganga, tarehe 24 Februari 1957, kwamba ni halali kumtuliza mgonjwa maumivu kwa dawa za namna hii, pale zinapohitajiwa. Dawa ile ile iliyo rehema katika mkono wa mganga huwa kitanzi katika mkono wa mchuuzi.

Kondo la nyuma si ukuta

Je, mtoto aliye tumboni hupatwa na nini mama yake akitumia afyuni? Swali hili lilijibiwa na watoto wenyewe, miaka mingi kabla waganga hawajalikubali jibu.

Tangu miaka ya 1870 waganga wa Ulaya walianza kuandika habari za watoto ambao mama zao walikuwa watumwa wa mofini. Walizaliwa wakionekana wazima. Baada ya siku moja au mbili wakaanza kulia kwa sauti kali bila kunyamaza, kutetemeka mikono na miguu, kukataa ziwa, kutapika na kuhara. Na wengi wakafa. Waganga wachache walijaribu kumpa mtoto mofini kidogo mno, wakashangaa kumwona ametulia. Basi ilikuwa dhahiri: mtoto alikuwa amezoea dawa kwa damu ya mama yake, na siku alipokatwa kitovu alikatwa na dawa pia.

Lakini wengi hawakutaka kuona. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba kondo la nyuma ni kama ukuta umkingao mtoto, usiopitisha sumu. Ukuta huo ulianguka katika fikira za watu mwaka 1961. Kampuni ya Grünenthal, ile ile tuliyoitaja, ilikuwa imeanza mwaka 1957 kuuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomidi. Wanawake wenye mimba waliipewa kwa ajili ya kichefuchefu. Katika nchi nyingi watoto wakazaliwa bila mikono au bila miguu. Hesabu yao hukadiriwa kuwa kama 10,000. Mnamo Novemba 1961 dawa hiyo iliondolewa madukani Ujerumani ya Magharibi. Thalidomidi si ya jamii ya afyuni, lakini iliufundisha ulimwengu wote neno moja: anachokimeza mama, mtoto naye hukipata.

Sisi wa Kivu tuna ushahidi wetu wenyewe kwamba ubongo wa mtoto hujengwa tumboni. Taasisi ya uchunguzi ya IRSAC, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, ilikuwa na makao yake Lwiro, kaskazini ya Bukavu, na kituo kingine hapa Uvira cha kuchunguza maji na samaki wa ziwa. Katika miaka ya 1960 waganga walioshirikiana na Lwiro walichunguza ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa shingo, katika kisiwa cha Idjwi. Waliona kwamba pale ambapo chakula hakina iodini ya kutosha, si shingo za watu wazima tu zinazovimba. Watoto wengine huzaliwa wamedumaa mwili na akili. Mama alipungukiwa na kitu kidogo kuliko punje ya chumvi, na ubongo wa mtoto ukalipa deni hilo. Ikiwa upungufu wa kitu kidogo hivyo waweza kumdhuru mtoto, je, kuzidi kwa kitu chenye nguvu kama heroini?

Kufuli na funguo

Jinsi afyuni inavyofanya kazi ubongoni ilifahamika katika miaka ya 1970. Mwaka 1973, katika mji wa Baltimore, Marekani, Candace Pert na Solomon Snyder walionyesha kwamba katika ubongo mna vijisehemu ambavyo afyuni hushikamana navyo, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. Watu wakajiuliza: kwa nini Mungu aliweka ubongoni kufuli la utomvu wa ua? Jibu lilikuja mwaka 1975 kutoka Aberdeen, nchi ya Scotland. John Hughes na Hans Kosterlitz walikuta kwamba mwili wenyewe hutengeneza funguo zake, yaani vitu vidogo vya kutuliza maumivu vinavyofanana kazi na mofini. Afyuni basi ni ufunguo wa kigeni ulioingia katika kufuli lisilo lake.

Kufuli hizo zimo katika ubongo wa mtoto hata kabla hajazaliwa, na hazimo kwa ajili ya maumivu tu. Zinasaidia kuongoza ujenzi wenyewe: chembe ngapi za ubongo zizaliwe, zihamie wapi, zishikane na zipi, na lini nyuzi zake zivikwe ile ngozi ya mafuta inayofanya habari zipite upesi. Afyuni ya mama ikivuka kondo la nyuma siku kwa siku, kufuli hufunguliwa kwa nguvu na bila saa yake. Wataalamu walipojaribu jambo hili kwa wanyama, waliona chembe za ubongo zikipungua kuzaliwa, na nyuzi zikivikwa mafuta wakati usio wake.

Mvuvi wa ndagala hapa Uvira atafahamu jambo hili upesi. Wavu ni wavu kwa sababu ya mafundo yake. Fundi akisumbuliwa wakati wa kufunga mafundo, wavu utapatikana, lakini hapa na pale utakuwa umelegea. Hauwi kitu cha kutupwa. Wahitaji mtu wa kuutazama na kuufunga upya.

Waganga waliona nini kwa watoto

Mwaka 1975 mganga wa watoto Loretta Finnegan, huko Philadelphia, Marekani, alitunga orodha ya dalili ili wauguzi wamhesabie kila mtoto shida zake: kilio, kutetemeka, usingizi mfupi, kupiga chafya, kutapika, kuhara, homa, kifafa. Kwa hesabu hiyo walijua ni mtoto gani anayehitaji dawa na kiasi gani. Kabla yake kila hospitali ilikisia tu. Dalili za heroini huanza mara nyingi katika siku ya kwanza; za dawa zikaazo zaidi mwilini huchelewa siku mbili, tatu au zaidi. Zaidi ya nusu ya watoto hao huzipata. Wakitunzwa, hupona dalili hizo kwa siku au kwa majuma.

Lakini baada ya hapo? Uchunguzi wa vichwa kwa mashine za picha, kama ule uliotolewa Norway mwaka 2007, ulionyesha kwamba watoto waliopata afyuni na dawa nyingine tumboni walikuwa na ubongo mdogo kidogo kuliko wenzao, hasa baadhi ya sehemu za ndani. Australia, mwaka 2017, walitazama matokeo ya shule ya watoto zaidi ya 2,000 waliozaliwa na shida hiyo. Walikuwa nyuma ya wenzao tangu darasa la tatu, na pengo likaongezeka: walipofika darasa la saba, alama zao zilikuwa chini ya zile za watoto wengine wa darasa la tano.

Mtu akisoma mpaka hapa aweza kukata tamaa na kusema: mtoto huyu ameharibika, hana la kutumaini. Asiseme hivyo. Yapo mambo mawili ya kujua.

La kwanza: mama anayetumia heroini mara nyingi huvuta na tumbaku, hali chakula cha kutosha, hulala nje, hupigwa, na haendi kupimwa mimba. Mtoto hupata mizigo hiyo yote pamoja. Wataalamu wenyewe hukiri kwamba ni vigumu kutenganisha mzigo wa afyuni na mzigo wa njaa. Katika habari ile ya Australia, watoto ambao wazazi wao walikuwa wamesoma zaidi waliepuka zaidi kushindwa shuleni.

La pili ni kubwa zaidi. Mwaka 1996 Asher Ornoy na wenzake wa Yerusalemu walitoa habari za watoto waliozaliwa na mama watumiaji wa heroini. Wengine walilelewa na wazazi wao waliokuwa bado katika shida ile. Wengine walichukuliwa tangu wadogo na jamaa nyingine, wakalelewa vizuri. Wote walikuwa wamepata heroini tumboni. Lakini wale waliolelewa katika nyumba tulivu, akili zao zilikua karibu sawa na watoto wengine, ijapokuwa baadhi yao walikuwa na shida ya kutulia na kusikiliza. Waliobaki nyuma hasa ni wale waliokulia katika nyumba iliyovunjika. Basi tumbo la mama huanza kazi ya kujenga ubongo, lakini nyumba huiendeleza. Wavu uliolegea waweza kufungwa upya.

Njia ya zamani, mzigo mpya

Sasa turudi kwetu. Heroini ilianza kuonekana katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania katika miaka ya 1980. Hutoka katika mashamba ya Asia, hasa Afghanistan, hupakiwa katika majahazi kwenye pwani ya Iran na Pakistan, huvuka bahari ile ile iliyoleta misafara ya zamani. Mwanzoni watu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam waliivuta. Baadaye wengi wakajidunga kwa sindano, na pamoja na sindano ukaja ukimwi. Kutoka pwani unga huu ukapanda bara, mpaka ukafika kaskazini ya ziwa letu.

Tanzania haikukaa kimya. Mnamo Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni. Hii ni dawa ya jamii ya afyuni, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Haimlewesi mgonjwa aliyeizoea, bali humtuliza asitetemeke, asitafute heroini, asiibe. Mwalimu wa njia hiyo ni mji wa New York, ambako Vincent Dole na Marie Nyswander waliianza katikati ya miaka ya 1960. Baada ya Muhimbili zikafuata kliniki nyingine za Dar es Salaam, na katika miaka ya 2014 na 2015 Kenya na Zanzibar nazo zikaanza.

Lakini tangu mwanzo jambo moja lilionekana: wanaume walikuja wengi, wanawake wachache. Si kwamba wanawake hawamo. Wamo, lakini aibu yao ni kubwa kuliko ya mwanamume. Mwanamume mlevi huitwa mpotevu, na jamaa humngoja arudi. Mwanamke akijulikana kuwa anatumia unga, huitwa majina yasiyosemeka, hufukuzwa nyumbani, huogopa kunyang'anywa watoto. Na mwenye mimba huogopa zaidi. Kwa hiyo hujificha; na akijificha, mtoto aliye tumboni hujificha pamoja naye. Hakuna anayempima, hakuna anayejua siku ya kuzaliwa kwake, hakuna anayengoja dalili zake.

Hapa ndipo palipo hatari kwetu sisi wa Uvira. Siku mpaka unapokuwa wazi, watu huvuka Kavimvira na Gatumba kwenda na kurudi: wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa, wakimbizi. Vita vya miaka mingi vimewaacha wengi na maumivu ya mwili na ya moyo, na mwenye maumivu hununua kidonge cha kutuliza popote akipatapo. Unga wa Bujumbura na vidonge vya sokoni havihitaji pasi ya kusafiria.

Tufanye nini

Neno la kwanza huwashangaza watu: mwanamke mwenye mimba aliyezoea heroini au tramadoli asiache ghafula peke yake. Twapenda kumwambia, "Acha leo, kwa ajili ya mtoto!" Lakini mwili wake ukikatwa dawa kwa ghafula, na mtoto tumboni hukatwa naye, na mimba yaweza kuwa hatarini. Mwaka 2014 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri wazi: mama huyo ahimizwe kutumia methadoni au buprenofini mahali zipatikanapo, chini ya mganga, kuliko kujaribu kukatishwa dawa. Mwaka 2010 Hendrée Jones na wenzake walitoa habari za wanawake wenye mimba 175 waliopewa moja ya dawa hizo mbili. Watoto wa waliotumia buprenofini walikaa hospitali kwa wastani siku 10, na wa methadoni siku 17 na nusu. Watoto wa pande zote mbili walipata dalili, lakini walizaliwa mikononi mwa watu waliokuwa tayari kuwapokea. Dawa iliyopimwa, inayotolewa kila siku kwa saa yake, ni afadhali mara nyingi kuliko unga wa mitaani unaopanda na kushuka, uliochanganywa na vitu visivyojulikana.

Neno la pili: mama amwambie muuguzi kweli. Awe anakwenda kupimwa mimba katika kituo cha afya cha kijiji au katika hospitali kubwa ya Uvira, muuguzi akijua mapema, atamweka mtoto karibu siku kadhaa baada ya kuzaliwa na kumtazama. Asipojua, atampeleka nyumbani siku ya pili. Na dalili zikianza nyumbani, watu watasema mtoto amelogwa. Nasi tulio jamaa zake, mama mkwe, mawifi na mashangazi, tusiwe sababu ya yeye kunyamaza.

Neno la tatu ni la furaha, hasa kwa nchi maskini. Miaka mingi watoto hao waliwekwa katika vyumba vya mashine, mbali na mama, chini ya taa kali, wakapewa mofini kwa hesabu ya ile orodha. Kisha waganga wa Yale, Marekani, wakauliza mambo matatu tu: Mtoto aweza kunyonya? Aweza kulala? Akilia, aweza kubembelezwa akanyamaza? Kama aweza, akae na mama yake katika chumba tulivu chenye mwanga mdogo, kifuani pake, ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe kama muuguzi hakukataza kwa sababu ya ugonjwa au ya dawa za mitaani. Mofini ibaki kwa wale wasiotulia hata hivyo. Mwaka 2023 njia hii ilipimwa katika hospitali 26 za Marekani, kwa watoto 1,305. Watoto waliotunzwa kwa njia ya zamani walikuwa tayari kwenda nyumbani baada ya siku kama 15. Kwa njia hii mpya, baada ya siku kama 8.

Msomaji atacheka kidogo. Hospitali tajiri za ulimwengu zimetumia miaka mingi na fedha nyingi kugundua yale ambayo bibi yeyote wa Uvira angalisema tangu mwanzo: mpe mtoto mama yake, mpe ziwa, punguza kelele. Naam, lakini tusijivune upesi. Bibi huyo huyo ndiye aliye mlangoni siku binti mwenye aibu anaporudi nyumbani na mimba. Akimfungulia, dawa ile bora imekwisha kupatikana. Akimfungia, hakuna mashine ya kuziba nafasi yake.

Neno la nne: tusimwite mtoto huyu mlevi, wala tusimwite mtumwa wa unga. Mwili wake ulizoeshwa kitu asichokichagua. Walimu wakipata mtoto ambaye hatulii, asahauye upesi, asiyeweza kukaa kimya, wasikimbilie fimbo. Wamketishe karibu, wampe kazi fupi fupi, wamrudie mara nyingi. Na kama mama hawezi kumlea, jamaa amchukue mapema mtu mwenye nyumba tulivu, kama walivyofanya zile jamaa za Yerusalemu.

Mwaka 1858 mtoto aliyekamatwa na kufungwa mnyororo pande zetu alipitishwa sokoni Uvira mbele ya macho ya watu wote. Mnyororo wa leo hauonekani. Humfikia mtoto gizani, kabla hajapewa jina. Wa kwanza kuujua ni mama yake, na wa pili ni yule ambaye mama atathubutu kumwambia. Basi kila mmoja wetu awe mtu wa kuambiwa.